Presha ya juu na akili ya uzeeni: utafiti wa Texas

Mwenye presha ya 150 mara nyingi hasikii kitu. Anaingia kazini zamu ya usiku, Jumamosi anakula pilau ya harusi huko Houston au Fort Worth, na kopo la vidonge la mwezi jana bado limejaa. Kichwa hakimuumi, atameza vya nini?

Kumbe ndani ya ubongo ipo mishipa myembamba mno ambayo presha huichakaza miaka nenda, miaka rudi. Kuta zake hukakamaa, damu haipiti vizuri, na nyuzi zinazounganisha sehemu za ubongo huanza kufa kidogo kidogo. Kwenye kipimo cha MRI uharibifu huo huonekana kama madoa meupe, pengine miaka mingi kabla mzee hajaanza kuuliza swali lile lile mara tatu.

Je, kushusha presha kunaiokoa akili? Jibu limechelewa. Utafiti wa SPRINT, uliohusisha Wamarekani 9,361, ulilinganisha waliotakiwa kushusha namba ya juu chini ya 120 na wale wa chini ya 140. Matokeo ya mwaka 2019 yalionyesha kuwa matatizo madogo ya kumbukumbu na kufikiri yalipungua kwa 19%, lakini kwa demenshia yenyewe, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, ushahidi haukutosha. Nayo timu ya mtafiti Rong Zhang wa Dallas iliwafuatilia wazee 513 kwa miaka miwili, ikijaribu mazoezi, dawa za presha na za lehemu. Akili zao hazikupata nafuu ya ziada. Mimi sishangai. Ugonjwa uliojengeka miaka ishirini haupimwi kwa miwili.

Mwaka 2025 mtafiti Jiang He, ambaye sasa yuko chuo cha tiba cha UT Southwestern, Dallas, na wenzake walichapisha matokeo ya vijiji 326 vya China. Watu karibu 34,000 walifuatiliwa kwa miaka minne. Pale ambapo tabibu wa kijiji, chini ya usimamizi wa daktari, aliwapa dawa na kuwafuatilia hadi presha ikashuka chini ya 130/80, demenshia ilipungua kwa 15%.

Tabibu wa kijiji, si bingwa wa moyo! Dallas iliwahi kuonja jambo kama hilo: daktari Ronald Victor aliwatumia vinyozi wa saluni za wanaume weusi kupima presha za wateja na kuwahimiza waende kwa daktari. Matokeo yaliyotoka 2011 yalionyesha presha ilidhibitiwa vizuri zaidi kuliko kwenye saluni zilizogawa vipeperushi tu.

Na dawa zenyewe si lazima ziwe ghali. Chuo kikuu cha UTHealth cha Houston ndicho kilichoratibu ALLHAT, utafiti wa watu zaidi ya 42,000, na mwaka 2002 kidonge cha zamani cha kukojoza hakikushindwa na vile vipya vya bei mbaya.

Ukipima nyumbani, kaa kimya dakika tano, mgongo umeegemea, miguu sakafuni, mkono usawa wa moyo. Ukipiga simu huku unapima, namba itapanda. Tahadhari moja: SPRINT haikuwahusisha wenye kisukari wala waliowahi kupata kiharusi, kwa hiyo watu hao wasiikimbilie 120 kwa uamuzi wao wenyewe. Na mzee anayeona kizunguzungu akisimama amwambie daktari kabla hajaongezewa kidonge kingine.