Taka za Supamaketi Huanzia Wapi

Taka za supamaketi ni za namna tatu: vifungashio, gesi inayovuja kwenye majokofu, na chakula kisichouzika. Vifungashio ndivyo vilivyoshughulikiwa kwanza, kwa sababu vinaonekana na kila mtu. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008. Kenya ilifuata tarehe 28 Agosti 2017, wakati supamaketi zake peke yake, kwa makadirio ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, zikigawa mifuko milioni 100 kwa mwaka. Mingine iliishia mitaroni, mingine tumboni mwa ng'ombe. Tanzania Bara iliiondoa mifuko hiyo, iliyozoeleka kwa jina la rambo, tarehe 1 Juni 2019. Mteja akarudia kikapu, au akanunua mfuko unaofanana na kitambaa. Lakini mfuko huo nao, mara nyingi, ni plastiki ya polipropilini. Ukiwa imara na ukatumika mwaka mzima, unapunguza taka kweli. Ukiwa mwembamba, ukachanika baada ya safari mbili, hakuna kilichopungua.

Gesi ya majokofu haionekani, ndiyo maana husahaulika. Ile iitwayo R-404A, iliyotumika miaka mingi katika maduka makubwa, huongeza joto la dunia karibu mara 4,000 kuliko hewa ukaa yenye uzito uleule. Mwaka 2016 mataifa yalikubaliana mjini Kigali kupunguza gesi za jamii hiyo hatua kwa hatua. Kuziba mabomba yanayovuja na kutia milango kwenye majokofu yaliyo wazi ni kazi ya fundi tu, na duka huokoa umeme papo hapo.

Kwenye chakula mambo ni magumu zaidi. Meneja huagiza mikate, maziwa na nyanya kwa kukisia mauzo ya kesho. Akiagiza kidogo, rafu hubaki tupu na mteja huenda duka jingine; kwa hiyo huzidisha, na ziada huharibika. Rafu ya mikate iliyosheheni hadi saa ya kufunga inapendeza macho, lakini ni dalili mbaya.

Kisha kuna mkanganyiko wa tarehe. Tarehe ya mwisho wa kutumia, inayobandikwa kwenye nyama au samaki wabichi, inahusu usalama na haipaswi kupuuzwa hata siku moja. Tarehe ya ubora, kwenye mchele au biskuti, inaonya tu kwamba baada ya hapo ladha inaweza kufifia. Anayezichanganya tarehe hizi mbili, awe muuzaji au mnunuzi, hutupa chakula kinacholika.

Tiba zinajulikana: kuagiza kwa kufuata kumbukumbu za mauzo, kutanguliza mbele bidhaa zilizoingia kwanza, kushusha bei jioni, na kuwapa wenye njaa kinachobaki kikiwa salama. Kisichofaa watu kiende kwa mifugo au kwenye mboji. Ufaransa haikungoja hiari ya wenye maduka. Sheria yake ya Februari 2016 ilizikataza supamaketi zenye ukubwa wa zaidi ya mita za mraba 400 kuharibu makusudi chakula kinacholika, maana baadhi zilikuwa zikikimwagia dawa ya klorini, na ikazitaka ziwe na mikataba na mashirika ya hisani.

Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 ilikadiria kwamba tani bilioni 1.05 za chakula zilitupwa duniani mwaka 2022: asilimia 60 majumbani, 28 katika migahawa na huduma za chakula, 12 madukani. Hesabu hiyo isiwatulize wenye maduka. Mteja aliyeshawishiwa kununua vitatu kwa bei ya viwili huenda akatupa cha tatu nyumbani kwake. Mkulima wa Kenya anayelima mishiri, yaani maharagwe machanga ya maganda, kwa ajili ya supamaketi za Ulaya hukataliwa mavuno kwa sababu yamepinda au hayatoshei urefu wa pakiti, ingawa ladha ni ileile. Taka hizo zote haziingii kwenye pipa la duka, lakini chanzo chake ni uamuzi uliofanywa na duka, na duka ndilo linalopaswa kuzihesabu.