Sura ya 7: Konekta Haigandi kwa Kutu

Huku Kakuyuni, konekta ikigoma kutoka husemwa "imeshika kutu", na dawa inayotajwa ni koleo, nguvu, na nguvu zikishindwa, petroli. Nimelisikia jambo hili mno, nami nalikataa. Plastiki haishiki kutu. Pini za ndani huweza kuota ukoko wa kijani, hasa kwa gari linalolala karibu na bahari Malindi au kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni, lakini mara nyingi si ukoko huo unaokushinda. Kinachokushinda ni ulimi wa kufuli, na aliyeukaza ni wewe kwa kuvuta.

Ulimi umenasa nyuma ya jino. Kadiri unavyovuta, ndivyo jino linavyoubana, hata kidole kisiweze kuutoa. Basi anza kinyume: sukuma konekta ndani mpaka mwisho. Ulimi utalegea. Ubonyeze, au uinue, kwani ziko za aina zote mbili na ni lazima umulike tochi kwanza. Kisha, bila kuuachilia, vuta kwa kushika mwili wa konekta. Waya hazivutwi. Waya hubanwa kwenye pini kwa kipande chembamba cha bati, na ukiichomoa nusu, kwa nje utaiona nzima ilhali umeme haupiti.

Vumbi jekundu la njia ya kwenda lango la Sala hujaa chini ya ulimi ukakosa nafasi ya kubonyea. Lipulize kwa pampu ya baiskeli, usugue kwa mswaki mkavu. Petroli hufurisha mpira unaozuia maji, na mvuke wake juu ya injini ya moto ni hatari ya kuungua.

Hapa nilipanga kuingia kwenye betri, lakini siwezi kuipita Probox, maana ndiyo gari la watu wetu. Injini yake ya 1NZ-FE ina koili nne, kila moja imekalia plagi yake, na konekta ya kila koili ina waya nne: umeme, athi, amri kutoka kwa kompyuta, na jibu la kwamba cheche imepigwa. Sheria ya Kenya huruhusu kuingiza gari la hadi miaka minane, kwa hiyo plastiki hizo zimeokwa na joto la injini miaka kadhaa kabla ya kushuka Mombasa. Zimekuwa kavu. Zifungue injini ikiwa vuguvugu, na bisibisi isiwe wenzo.

Ulimi ukivunjika, injini huwaka vizuri kabisa uani. Ikifika kwenye makorongo, konekta hutikisika, silinda moja kati ya nne hufa, gari hukosa nguvu. Likirudia mahali palepale, watu husema limechezewa, na pesa ya konekta mpya huenda kwa mganga. Upuuzi huu unawatia watu hasara! Funga konekta kwa ukanda wa plastiki wa kufungia waya, kisha utafute ganda jingine.

Kuhusu betri: ondoa hasi kwanza, kwa sababu bodi yote ya gari ni hasi, na spana iliyoko kwenye chanya ikiigusa huruka cheche. Konekta za manjano ni za mifuko ya hewa. Toyota huagiza kusubiri angalau sekunde 90 baada ya kuondoa betri kabla ya fundi kuzigusa. Fundi wa nyumbani asiziguse.