Kakuma Ni Mahali

Wapo waandishi wa Kizungu ambao kwa miaka mingi wamewaarifu wasomaji wao kwamba Kakuma ni neno la Kiswahili lenye maana ya "si popote". Mwalimu yeyote mwenye kamusi mkononi anajua kuwa huo ni uzushi mtupu. Lugha yetu haina neno hilo kwa maana hiyo. Ningeupuuza uzushi huu lau usingegeuka kuwa hoja, kwani mahali palipotangazwa kuwa si popote hapadai barabara, wala anwani, wala historia. Wakoloni nao waliiona Lodwar vivyo hivyo, ndipo wakamhamishia Jomo Kenyatta huko mwaka 1959.

Kutoka Lodwar hadi Kakuma ni kilomita 120 hivi kuelekea kaskazini-magharibi. Nilipofika niliomba kupelekwa kwenye mtaa wa Waethiopia, katika Kakuma ya Kwanza, sehemu kongwe ya kambi iliyofunguliwa mwaka 1992. Utawala wa Mengistu ulikuwa umeanguka mwaka mmoja kabla, na anguko hilo liliwatawanya Waethiopia wengi pamoja na vijana wa Sudan waliokuwa wamehifadhiwa nchini mwao. Nilikuta maduka ya mabati yaliyobanana, vibao vyenye herufi za Kiamhara juu ya Kiswahili na Kiingereza, injera mezani na harufu ya ubani. Kahawa iliyomiminwa kwenye finjani huitwa buna. Nasi tuna neno buni, jamaa yake wa karibu, lililotufikia kwa njia ya Waarabu. Muuzaji alibishana bei na Mturkana kwa Kiswahili. Nyuma yao Mkongomani alisema "batu" pale ambapo sisi tungesema "watu", na hakuna aliyetaka kufasiriwa.

Msomaji aliyewahi kusikia habari za mitaa ya Wachina ughaibuni atanielewa. Mwaka 1882 Marekani ilitunga sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina wasiingie, na haikuifuta hadi mwaka 1943. Baada ya tetemeko la mwaka 1906, wakuu wa San Francisco walitaka kuutumia mwanya huo kuwahamishia Wachina pembezoni mwa jiji. Wachina walikataa, wakajenga upya palepale. Leo wageni husafiri mbali ili wapigwe picha katika Grant Avenue, nalo jiji linajivunia mtaa huo kana kwamba ndilo lililouanzisha kwa hiari.

Sisi je? Machi 2021 serikali yetu ilitangaza azma ya kuzifunga Kakuma na Dadaab, kisha ikataja Juni 30, 2022 kuwa siku ya mwisho. Siku hiyo ilipita, maduka yakafunguliwa kama kawaida. Hata hivyo, utafiti wa tawi la Benki ya Dunia linaloshughulikia biashara za watu binafsi ulikuwa umekwisha kuhesabu, mwaka 2018, biashara zaidi ya 2,000 na soko la dola milioni 56 kwa mwaka. Aghalabu hoja ya fedha ndiyo husikika. Mimi naona ya lugha ina uzito zaidi: wamezaliwa hapo watoto ambao sasa ni wazazi, na Kiswahili chao cha sokoni hakijapata nafasi katika vitabu vyetu vya isimu.

Kwa hiyo ninao ushauri kwa walimu wenzangu wa Lodwar wanaowatafutia wanafunzi kazi ya mradi. Wapelekeni katika mtaa ule na madaftari, wanakili maandishi ya vibao vyote, mlango kwa mlango, kabla ya jua la Turkana kuyafuta.