Elimu ya juu na utafiti (3): Swali litangulie, hojaji ifuate

Katika sehemu mbili zilizotangulia tulimfuata mwanafunzi wa uzamili tangu anaposajiliwa hadi anapopewa msimamizi, tukaona pia andiko lake la utafiti linavyopita kwenye vikao vya idara. Leo tunafika mahali ambapo tasnifu nyingi za elimu na sayansi za jamii huharibika kabla mwenyewe hajakanyaga shule hata moja. Ni pale anapoulizwa na msimamizi, "Unataka kujua nini?", naye akajibu, "Nitatumia hojaji."

Jibu hilo nimelisikia mara nyingi, na simlaumu anayelitoa. Ndivyo alivyozoeshwa. Kozi ya mbinu za utafiti humpa kitabu cha Kothari, au kama yuko Kenya kile cha Mugenda na Mugenda cha 1999, kisha humwonyesha sura ya tatu ya tasnifu yenye vichwa vidogo vilevile vya miaka yote: usanifu wa utafiti, eneo, walengwa, sampuli, zana, uhalali, uthabiti. Akishavijaza anaona mbinu imekamilika. Kumbe kila kichwa hapo kinategemea swali, na swali lenyewe limeandikwa jana usiku ili lifanane na kichwa cha mada.

Tuitazame kwanza namba 384, maana yeyote aliyepekua rafu za tasnifu katika vyuo vyetu amekutana nayo. Chimbuko lake ni jedwali la Krejcie na Morgan la mwaka 1970. Jedwali hilo linasema ukiwa na kundi la watu 100, chukua 80. Wakiwa 1,000, chukua 278. Wakiwa 10,000, chukua 370. Wakifika milioni moja, 384 wanatosha. Wanaopenda fomula ya Yamane hupata 286 kwa watu 1,000 na 385 kwa watu 10,000, karibu yaleyale, kwa sababu msingi ni mmoja. Ni kazi safi ya kitakwimu, lakini ilitengenezwa kwa shughuli mahususi: kukadiria ni asilimia ngapi ya kundi wana sifa fulani, kwa kuruhusu kosa la asilimia 5 kila upande na uhakika wa asilimia 95. Sharti lake ni kwamba kila mtu katika kundi awe na nafasi sawa ya kuchaguliwa, mmoja mmoja, kwa nasibu.

Sharti hilo ndilo linalosahaulika. Chukua mtafiti anayetaka kujua ufaulu wa Hisabati wa kidato cha pili katika wilaya moja. Jedwali limempa 384. Kuzifikia shule zote hawezi, nauli haitoshi, basi anachagua shule chache na kukusanya mikondo mizima ya wanafunzi 40 mpaka namba itimie. Watoto 40 wa mkondo mmoja wana mwalimu mmoja, ubao mmoja na ratiba moja. Mwalimu akiwa hodari, wote wanapanda. Akikosekana muhula mzima, wote wanashuka. Kumpima mtoto wa 40 hakuongezi mengi juu ya yale ambayo 39 wamekwisha kutuambia.

Wanatakwimu wana njia ya kulipima jambo hili, nayo si ngumu. Tuseme sehemu moja kati ya tano ya tofauti zote za alama inatokana na mkondo anaosoma mtoto, si mtoto mwenyewe. Katika upimaji wa ufaulu kiwango hicho si cha ajabu. Zidisha 39 kwa 0.2, ongeza 1, unapata 8.8. Gawanya 384 kwa 8.8 na unabaki na 44 hivi. Maana yake ni kwamba wale wanafunzi 384, pamoja na karatasi zote zilizopigwa chapa kwa ajili yao, wanatupa uhakika ambao tungeupata kwa wanafunzi 44 waliochaguliwa mmoja mmoja kutoka wilaya nzima. Lau mtafiti angekwenda shule 32 na kuchukua watoto 12 tu kila shule, idadi ingekuwa ileile 384, lakini hesabu ingempa 120. Hakuna sampuli inayotoka kwenye jedwali peke yake. Hutoka kwenye swali, na kwenye ujuzi wa jinsi shule zenyewe zilivyo.

Na kama swali si la "wangapi" bali la "kwa nini" au "vipi", jedwali halihusiki kabisa. Anayetaka kuelewa kwa nini wasichana wa kijiji fulani huacha shule hana haja ya 384. Anahitaji watu wanaojua: wasichana wenyewe, mama zao, mwalimu wa malezi, mwenyekiti wa kitongoji. Glaser na Strauss walikwisha kueleza mwaka 1967 kwamba mtafiti wa namna hiyo huacha kuongeza watu anapoona mazungumzo mapya hayamletei jambo jipya. Huenda wakawa 15, huenda wakawa 40. Bado nakutana na tasnifu za mahojiano ambazo idadi ya waliohojiwa imekokotolewa kwa fomula, utadhani mahojiano ni kura.

Sasa twende kwenye hojaji yenyewe. Rensis Likert aliandika juu ya kipimo chake mwaka 1932, na tangu hapo dunia nzima inaweka tiki kati ya "Nakubali kabisa" na "Sikubali kabisa". Hebu mfuate mtafiti hadi ofisi ya walimu ya shule ya sekondari, saa nne asubuhi, wakati wa mapumziko. Mkuu wa shule amezipokea hojaji kwa mikono miwili, amezigawa mwenyewe, na ametangaza kwamba atazikusanya mwenyewe kabla ya kengele. Mwalimu amejaza meza madaftari ya kusahihisha, chai iko pembeni. Kauli ya 7 inasema: "Uongozi wa shule unawashirikisha walimu katika maamuzi." Atakayeisoma karatasi hiyo kwanza ni uongozi wa shule. Kalamu inaanzia "Nakubali" kauli ya kwanza na kushuka na safu hiyo hiyo hadi ya 20. Mwenzake wa meza ya pili ameshuka na "Nakubali kabisa".

Mtafiti anarudi chuoni, anaingiza majibu kwenye programu ya takwimu, na alfa ya Cronbach, kipimo cha mwaka 1951, inampa 0.89. Kwa kuwa amefundishwa kwamba 0.7 inatosha, anaandika kuwa zana yake ina uthabiti wa hali ya juu. Lakini alfa hueleza tu kama majibu ya kauli mbalimbali yanakwenda pamoja. Walimu wawili walioshuka na safu, kila mmoja na yake, ndio hasa wanaoipandisha. Woga nao una uthabiti. Hakuna namba ndani ya programu itakayomwambia mtafiti nani alizigawa karatasi na nani alizikusanya. Jambo hilo analijua aliyekuwepo, na anapaswa kuliandika.

Sitaki msomaji adhani naipiga vita hojaji. Ina mahali pake, na swali likiwa sahihi inafanya kazi kubwa kwa gharama ndogo. Ninachopinga ni hojaji kushika nafasi ya swali. Ndiyo maana nataka kumweka mbele yenu mwanafunzi mmoja wa uzamili aliyefanya kinyume.

Halima Mwinsheikhe alikuwa mwalimu wa Baiolojia katika sekondari za Tanzania. Sera ya elimu ilimtaka afundishe kwa Kiingereza. Mwenyewe ameandika kwamba alijikuta akihamia Kiswahili kwa kukosa la kufanya, maana wanafunzi hawakuelewa. Walimu wengi wamepitia hali hiyo. Tofauti ni kwamba yeye aliichukua, akaenda nayo Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, mwanzoni mwa miaka ya 2000, akaifanya swali la tasnifu yake ya uzamili: lugha ya kufundishia inachangia nini katika ushiriki na ufaulu wa wanafunzi kwenye masomo ya sayansi? Swali lilikuwa limemkaa kooni kabla hajajua jina la mbinu yoyote. Kwa hiyo alijua atazame nini: nani anainua mkono, nani anajibu kwa neno moja, mwalimu anavuka lugha wakati gani na kwa sababu gani.

Swali hilo halikufia kwenye rafu. Mwaka 2002 ulianza mradi mkubwa wa LOITASA, kwa fedha za Norway, uliochunguza lugha ya kufundishia Tanzania na Afrika Kusini. Waliouongoza ni pamoja na Birgit Brock-Utne wa Oslo, Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Zubeida Desai wa Chuo Kikuu cha Western Cape. Upande wa Tanzania, masomo ya Baiolojia na Jiografia ya kidato cha kwanza yalifundishwa kwa Kiingereza na kwa Kiswahili ili matokeo yalinganishwe. Upande wa Afrika Kusini ilitumika isiXhosa katika shule za msingi. Mwinsheikhe na Mwajuma Vuzo, naye akiwa ametoka kuandika tasnifu ya uzamili Oslo juu ya mada hiyo hiyo, walikuwamo katika kazi hiyo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ilipotamka kwamba Kiswahili kitatumika kufundishia katika ngazi zote za elimu, hoja hiyo ilikuwa na ushahidi uliokusanywa madarasani kwa miaka mingi, sehemu yake na wanafunzi wa uzamili. Kwamba sekondari ziliendelea na Kiingereza hata baada ya tamko hilo ni habari ya siasa na utekelezaji. Watafiti walikuwa wamefanya sehemu yao.

Upande wa sayansi za jamii kuna mfano wa zamani zaidi, nao ninaupenda zaidi. Marja-Liisa Swantz, Mfini, alikaa Bunju, wakati huo kijiji cha Wazaramo kaskazini mwa Dar es Salaam, katika nusu ya pili ya miaka ya 1960, na tasnifu yake ya uzamivu ikatoka Uppsala mwaka 1970. Hakwenda na kurudi kwa basi. Aliishi pale, akahudhuria misiba na ngoma, akajifunza kwa wanawake waliokuwa wenyeji wake. Alipofanya kazi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya 1970, wanafunzi nao walipelekwa vijijini, wakakaa na watu na kuchunguza matatizo pamoja nao. Kisha ukaja mradi wa Jipemoyo, kuanzia 1975, huko magharibi mwa Bagamoyo, ambapo wanakijiji walishiriki kuuliza maswali na kujadili majibu. Leo vitabu vya mbinu vinavyoingia nchini kutoka nje vina sura nzima juu ya utafiti shirikishi, na wanafunzi wetu wanazisoma bila kuambiwa kwamba sehemu ya historia yake iko Bunju na Bagamoyo. Inaniuma.

Najua mwanafunzi wa leo atasema hana miaka mitano ya kukaa kijijini. Ni kweli. Ana miezi michache ya uwandani, ana ajira inayomngoja, na ana milolongo ya barua: chuo kinaandika kwa Katibu Tawala wa Mkoa, anashuka kwa Katibu Tawala wa Wilaya, anakwenda kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, kwa Afisa Elimu, ndipo afike kwa Mkuu wa Shule. Akiwa Kenya atahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Wiki zinakwisha ofisini. Lakini hata katika miezi miwili anaweza kukaa darasani vipindi 10 akiandika anachokiona kabla hajatunga kauli hata moja ya hojaji. Anaweza kuzigawa hojaji mwenyewe na kuzipokea ndani ya bahasha zilizofungwa. Na kama ni mwalimu aliyerudi kusoma, kama walivyo wengi, tayari ana miaka kazini. Aanze na lile lililomshinda kulifundisha.

Limebaki deni moja. Vyuo vinadai makala kwenye majarida. Kenya, miongozo ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya 2014 ilimtaka wa uzamili achapishe moja na wa uzamivu mbili. Ni sharti zuri, ila makala hizo husomwa na wasomi wenzake. Mwalimu aliyejaza hojaji huku chai ikipoa hapati kitu, na mtafiti wa mwaka ujao anapobisha hodi na karatasi nyingine, tusishangae anaposhuka na safu moja tangu juu hadi chini.

Kwa hiyo ninyi mnaoandika tasnifu mwaka huu, rudisheni kurasa tano za Kiswahili kwa kila shule iliyowapokea: mliuliza nini, mmeona nini, shule inaweza kufanya nini muhula ujao. Wasimamizi, msitie saini nakala ya mwisho kabla hamjaziona kurasa hizo. Na wakuu wa shule, mtafiti akija na barua zake zote zimekamilika, mkaribisheni, kisha mwulizeni atarudi lini na majibu, na tarehe hiyo iandikwe kwenye kitabu cha wageni mkabala na jina lake.

Itaendelea.