Afya ya Mto Lualaba: Kupima na Kutangaza

Mgonjwa akifika kwa mganga hupimwa joto na damu, kisha huambiwa yaliyoonekana. Mganga akipima na kunyamaza, amemsaidia nani? Mto nao una afya yake. Sisi watu wa Bukama twanywa maji ya Lualaba, twafua na kuvua humo. Basi yafaa tujue namna afya yake inavyopimwa, na kwa nini habari zake zipaswa kutangazwa mbele ya wote.

1. Maji yatoka wapi?

Mto huu hauanzi kwetu. Watoka kusini, upande wa mpaka wa Zambia, wapita nchi ya Kolwezi yenye machimbo ya shaba na kobalti, ndipo washuka Bukama. Hapa watulia, na mashua zaweza kwenda hadi Kongolo. Ndiyo maana reli ililetwa hapa mwaka 1918. Mbele yetu kuna maziwa ya Upemba na Kisale. Huko waungana na Lufira, uliopita upande wa Likasi penye viwanda. Basi yanayotupwa juu hufika kwa watu wa chini.

2. Adui wa namna mbili

Wa kwanza ni vijidudu, kama vile vya kolera, ugonjwa unaorudi mara kwa mara katika nchi ya maziwa yetu. Vyatoka katika choo cha watu, na maji yakichemshwa vyafa. Wa pili ni asidi na madini yaliyoyeyuka. Hayo hayafi kwa moto: mvuke waondoka, madini yabaki chunguni. Tena macho hayatoshi. Maji maangavu yaweza kuwa na sumu, na maji mekundu ya wakati wa mvua yaweza kuwa na udongo tu.

3. Namna ya kupima

Kipimo cha siku moja hakitoshi. Lazima kuchota mahali palepale kila mwezi, wakati wa mvua na wakati wa jua, na kuandika katika daftari siku, saa, kina cha maji, joto na ukali. Ukali, yaani pH, huhesabiwa toka 0 hadi 14; katikati ni 7, na hesabu ikishuka sana chini yake, asidi imezidi. Kazi hiyo mwalimu na wanafunzi waiweza kwa chombo kidogo. Vijidudu na madini vyahitaji laboratwari. Tena matope na samaki wapimwe, kwani madini hukaa humo hata maji yakiisha kupita.

4. Kutangaza

Mwaka 2010 wasomi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao walichapa uchunguzi juu ya Lufira ya juu. Walikuta madini hayo hata katika samaki. Kazi njema, lakini ilitoka kwa Kifaransa katika gazeti la wasomi. Mvuvi na mama muuza samaki wataisoma wapi?

Na hatari haingoji. Tarehe 18 Februari 2025, huko Zambia, bwawa la uchafu wa machimbo lilipasuka. Asidi ikaingia mto Kafue, samaki wakafa, mji wa Kitwe ukafunga maji ya bomba. Siku kama hiyo, habari ya upesi ndiyo kinga.

Wala si kuomba zawadi. Sheria ya nchi ya tarehe 9 Julai 2011 juu ya mazingira yampa kila mtu haki ya kupata habari kamili na za kweli.

Basi hesabu ziandikwe kwa Kiswahili na Kiluba katika ubao wa bandari na wa soko, zisomwe redioni: mahali, siku, kipimo, mpaka usiopaswa kupitwa, na la kufanya. Habari njema zitangazwe sawasawa na mbaya. Anayetangaza mabaya tu aua bure soko la wavuvi. Anayetangaza mazuri tu hataaminiwa siku ya hatari.

Daftari moja, mahali pamoja, kila mwezi: tuanze na hilo. Miaka ikipita, hakuna atakayeweza kutuambia kwamba mto ulikuwa hivyo tangu zamani.