Je, Wajua? Kadi ya Mutueli na Vikao vya Ushauri

Je, wajua kwamba Kasongo, mji wa Maniema mashariki mwa Kongo, iliwahi kuwa kama shule kwa waganga? Mwaka 1971 Taasisi ya Tiba ya Antwerp, Ubelgiji, ilianza hapa mradi wa kuunganisha vituo vidogo vya afya na hospitali moja. Matokeo yake yalisomwa mbali sana na Maniema.

Je, wajua kwamba "mawazo mengi", yaani msongo wa mawazo, hayana bei kwenye ubao wa kituo? Mama anakuja na kichwa kinachouma na usingizi uliokimbia. Daftari linaandika malaria, anapewa vidonge, na wiki ijayo yuko tena kwenye benchi lilelile.

Je, wajua kwamba sheria ya mutueli za Kongo, yaani mifuko ya afya inayochangiwa na wanachama, ni ya tarehe 8 Februari 2017? Inaweka kanuni; kadi yako inalipia nini, hilo utalisoma kwenye mkataba wako. Tafuta mstari wa vikao vya ushauri. Usipouona, usidhani umo. Ukiuona, uliza idadi, maana mtu hapozwi na kikao kimoja. Uliza pia wewe utaongeza franka ngapi, na utasubiri miezi mingapi kabla kadi haijaanza kufanya kazi.

Je, wajua kwamba Sheria ya Kazi ya 2002 inamtaka mwajiri agharamie matibabu ya mfanyakazi na familia yake? Mwenye mkataba wa kazi aanzie kwa mwajiri. Mchimba dhahabu wa Namoya, katika Kabambare, anayejitegemea hana mlango huo.

Je, wajua kwamba matibabu ya bure yaliyozinduliwa Kinshasa tarehe 5 Septemba 2023 yalianza na uzazi na watoto wachanga? Kuhusu huzuni ya baada ya kujifungua, uliza kwanza kama imo.

Je, wajua kwamba sheria ya 20 Julai 2006 inamwagiza mwendesha mashtaka au jaji, katika kesi ya ubakaji, aite daktari NA mtaalamu wa saikolojia, bila kusubiri kuombwa? Wengi hukumbuka daktari tu. Mkumbushe mwendesha mashtaka au jaji na yule wa pili.

Je, wajua kwamba kazi ya ushauri haihitaji jopo la mabingwa kutoka Kinshasa? Katika utafiti wa Kivu uliochapishwa 2013, wanawake 405 walionusurika ukatili wa kingono walihudumiwa na wasaidizi wa kijamii wa hukohuko. Kundi moja lilipata msaada wa mtu mmoja mmoja. Jingine lilipata kikao 1 cha faragha na 11 vya pamoja. Miezi 6 baadaye, waliobaki na dalili nzito za huzuni au wasiwasi walikuwa asilimia 42 kundi la kwanza, asilimia 9 la pili. Vikao 12, basi. Idadi hiyo inaandikika kwenye mkataba wowote.

Kwa hiyo ukienda kulipa mchango wa mwaka, Kasongo au Kabambare, waombe wakuonyeshe mstari wa vikao kabla hawajagonga muhuri.