Cheti cha Utumishi na Maoni ya Mwajiri: Haki na Hisani

Mhitimu wa chuo kikuu aliyeacha kazi yake ya kwanza kwa kutoelewana na mwajiri hukabiliwa na tatizo zito aandikapo tawasifukazi. Hati hiyo humtaka ataje warejelewa, ilhali anayeijua kazi yake zaidi ni yule yule waliyekosana. Baadhi ya wahitimu huifuta kazi hiyo kabisa, wakapoteza tajiriba waliyoitokea jasho. Wengine huliandika jina la mwajiri huyo, wakiomba asipigiwe simu. Njia zote mbili zina hasara, nazo hutokana na kuchanganya mambo mawili ambayo sheria ya Kenya imeyatenganisha: cheti cha utumishi na maoni ya mwajiri.

Kwa mujibu wa kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, mwajiri anapaswa kumpa mfanyakazi cheti cha utumishi ajira inapokoma, isipokuwa pale ilipodumu kwa muda usiofika majuma manne mfululizo. Cheti hicho hutaja jina na anwani ya mwajiri, jina la mfanyakazi, tarehe za kuanza na kukoma kwa kazi, aina ya kazi na mahali ilipofanyiwa. Mwajiri anayekosa kukitoa kwa makusudi au kwa uzembe, au anayetia humo jambo analolijua kuwa la uongo, hutenda kosa. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 100,000, kifungo kisichozidi miezi 6, au zote mbili. Ugomvi, basi, si sababu ya kunyimwa cheti.

Maoni kuhusu tabia na utendaji, kwa upande mwingine, ni hisani. Sheria iyo hiyo inabainisha kwamba mwajiri halazimiki kuyatoa. Kwa hivyo, ni heri mwombaji athibitishe muda wa kazi yake kwa cheti, kisha atafute kwingine mtu wa kuieleza kazi yenyewe: msimamizi wa karibu, mfanyakazi mwandamizi, mteja aliyehudumiwa au mhadhiri aliyesimamia utafiti wake. Yeyote anayeteuliwa aombwe idhini kwanza, kisha apewe tawasifukazi na tangazo la kazi ili ajue atakachoulizwa. Iwapo fomu inadai mwajiri wa mwisho, mwombaji anaweza kutaja idara ya wafanyakazi, ambayo hujibu kwa kusoma faili.

Aidha, katika mahojiano swali la sababu ya kuondoka halikosi. Jibu lifaalo ni fupi na la kweli: kwamba palikuwa na tofauti kuhusu utaratibu wa kazi, na kwamba kuna mwingine aliyeshuhudia utendaji wake. Ulimi hauna mfupa; amtukanaye mwajiri wa jana humfanya mwajiri wa kesho ajiulize atasemwaje.

Hatimaye, cheti kiombwe kwa barua kabla ya siku ya mwisho ya kazi, na nakala ya barua hiyo ihifadhiwe. Mwajiri akikataa, nakala hiyo ndiyo ushahidi ambao mlalamishi atauwasilisha kwa afisa wa leba.